Muguu wa nyuma unaruka-ruka: tunajibu wenye mbwa wadogo

Barua za mwezi huu nyingi ni za wenye mbwa wadogo, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: mbwa anakimbia, muguu moja wa nyuma unapanda juu, anaruka-ruka hatua tatu nne, kisha anatembea muzuri sawa vile hakuna kitu kilifanyika. Nimechagua zile zenye zinaweza kusaidia na wengine, na nimezifupisha, sababu kuna mama mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya gisi mbwa wake analalaka kwa mto. Mama, nilisoma yote, asante.

Dokta, jambo. Niko na imbwa kadogo ka Chihuahua, jina Pipi, kako na mwaka moja na nusu, kilo 3 hivi. Tangu mwezi wa tano kanafanyaka kintu ya ajabu: kanakimbia kwa karo ya salo, mara muguu ya kushoto ya nyuma inakunjama, kanaruka-ruka, kisha kananyoosha ile muguu kwa nyuma mara moja na inaisha. Kanalia mara moja moja tu. Bwana yangu anasema ni muchezo, mamangu anasema kuna mutu alikapiga teke, jirani anasema nikape nusu ya diklo (diklofenake), ile dawa yetu ya maumivu. Ni nini hii?
*Mama wa Pipi, Kampemba (Lubumbashi)*

Jambo mama. Si muchezo, na teke iko mbali sana kwa sababu zenye ningefikiria, kwa hiyo muache kuangalia sentineli vibaya. Vile unaelezea, na sana sana ile ya kunyoosha muguu kwa nyuma, ni pia ya goti inatoka fasi yake na Pipi anairudisha mwenyewe. Kwa kilinika utasikia wanaiita rotile, ni kitu kile kile.

Pia ya goti ni kamfupa kadogo kenye kamekaa ndani ya kano kubwa ya musuli wa paja. Inapita kwenye mfereji ulioko mbele, pale mfupa wa paja unaishia, goti likikunjwa inashuka, goti likinyooshwa inapanda, sawa kamba ya kisima kwenye kapi. Sasa mbwa wengi wadogo wanazaliwa na mifupa yenye haikupangana vizuri: mfereji hauna kina, ao mfupa wa paja umepinda kidogo, ao ile fasi ya chini kano inashikilia kwenye mundi imeenda upande wa ndani. Kamba inatoka kwenye kapi. Kwa wadogo inatokaka zaidi upande wa ndani, na mara nyingi, karibu nusu ya mbwa wenye shida hii, ni miguu yote miwili hata kama wewe unaona moja tu. Chihuahua, Pomeranian, Yorkshire, Maltese, kanishi wadogo, hawa njo wateja wa kila siku.

Kulia kwa mara moja moja kunatokana na pia kuparuza kwenye ukingo wa mfereji wakati inatoka. Kisha ikishatoka nje kabisa mbwa wengi hawasikii maumivu mengi, njo maana watu wanasema «haumwi» na wanaacha miaka inapita, na kila mara inapotoka na kurudi gegedu linaisha kidogo kidogo mpaka siku moja una mbwa wa miaka 7 mwenye artroze (viungo kuchakaa) ya mzee.

Kabla ya dawa, kabla ya operasyo, kabla ya ushauri wa jirani, jua daraja. Daraja ni nne, zinatoka kwa kazi za Putnam na Singleton za 1968 na 1969, na mpaka leo banganga wa nyama wa dunia nzima wanazitumia. Ya 1: pia iko fasi yake, munganga anaweza kuisukuma nje kwa kidole lakini akiachilia inarudi yenyewe, na mbwa wengi wa hapa hata hawachechemei. Ya 2: inatoka yenyewe goti likikunjama, inakaa nje mpaka mbwa anyooshe muguu ao mutu airudishe, hawa njo wale wa kuruka-ruka. Ya 3: iko nje muda mwingi, unairudisha kwa mkono lakini ukiachilia inatoka tena. Ya 4: iko nje wakati wote na hata munganga hawezi kuirudisha, mbwa anatembea amechutama, magoti yamepinda.

Kwa kukusoma Pipi anafanana na wa daraja ya 2, lakini daraja haitolewi kwa barua, inatolewa kwa vidole. Munganga atamushika akiwa amesimama, kisha amelala kwa upande, muguu wa kushoto na wa kuume pia, na kama anajua kazi yake atapapasa na nyonga. Radio (picha ya mifupa) inakuja kisha, kuangalia kama mifupa imepinda ao kama artroze imeshaanza, lakini radio peke yake haitoshi sababu siku ya picha pia inaweza kuwa imerudi fasi yake na ukaambiwa hakuna shida. Na kitu kimoja kidogo kinasaidia sana: mufilme na telefone akiwa anaruka-ruka. Mbwa akifika kwa munganga anaogopa, anasimama sawa askari, hachechemei hata kidogo, na wewe unaonekana muongo.

Diklo, hapana. Hata robo. Soma barua ya baba wa Ruashi hapa chini.

Dokta, imbwa yangu ya Yorkshire ya kilo 3 ilikuwa inachechemea, nikaipa Ibuprofène 400 moja sababu nyumbani njo tunakunywaka kwa maumivu ya mugongo. Kesho yake ikatapika, ikakatala kukula, mavi ikakuwa nyeusi. Sasa inakula kidogo. Je, nimupunguzie ipate nusu?
*Baba wa Ruashi*

Baba, simama hapo hapo, usimupe nusu, usimupe hata unga wake. Na leo hii, si kesho, mupeleke kwa munganga na pakiti ya dawa mukononi, sababu mavi nyeusi ni damu imetoka kwa tumbo, na mafigo nayo inabidi yapimwe hata kama mbwa anaonekana amepona.

Nikuonyeshe hesabu. Mutu wa kilo 70 akikunywa miligramu 400 anapata chini ya 6 kwa kila kilo ya mwili. Mbwa wako wa kilo 3 alipata karibu 133 kwa kila kilo. Na shida haiko wingi tu, mwili wa mbwa hauondoi dawa hii sawa wa mutu, inakaa, inazunguka, inachoma tumbo na inaziba damu ya mafigo. Diklofenake njo ile ile, indometasine njo ile ile. Paracetamol watu wanaona ni dawa ya watoto, lakini kwa mbwa ikizidi inaharibu maini, na kwa paka kidonge kimoja kinatosha kumuua, kwa hiyo wenye nyumba ya mbwa na paka muifungie kwa kabati.

Kuna dawa za maumivu zenye zimetengenezwa kwa mbwa, meloxicam ya maji na carprofen njo zinajulikana zaidi. Usiseme basi meloxicam ya pharmacie ya watu ni sawa sababu jina ni moja: mbwa anapewa miligramu 0.1 kwa kilo kwa siku kisha ya siku ya kwanza, maana wako angehitaji 0.3, na kidonge cha watu kinaanzia 7.5, ni mara 25. Hakuna kisu cha jikoni kinaweza kukata kidonge vipande 25. Dawa ya maji yenye sindano yake ya kupimia, munganga akishapima uzito na kuuliza mafigo, inapewa na chakula, siku chache.

Na kama munganga wa mtaa alishamupiga dexa (deksametazone, sindano ya kushusha uvimbe), sema. Waambie wale wa kilinika. Dexa na dawa hizi pamoja zinatoboa tumbo, na watu wengi wanaficha sindano ya kwanza juu ya haya.

Docteur, mi niko na Maltese wa miaka 5, iko na kilo 5, walinambia kama goti iko daraja ya 2 miguu zote mbili na kama apunguze uzito kwanza. Me huyu anakulaka kidogo sana! Bukari kidogo asubuya, bukari mangaribi, mikate tu yenye batoto banamutupia.
*Mama, Golf*

Mama, nimecheka pale «mikate tu». Mkate moja wa mafuta kwa mbwa wa ukubwa huu ni chakula kamili, na batoto hawatupiaki moja.

Maltese wengi wanapaswa kuwa kwa kilo 3 na nusu hivi. Wako ameongeza zaidi ya 40 kwa mia. Mutu wa kilo 70 akiongeza vile anafika 100, na magoti yake yatakuambia. Hapa uzito haukuleta ugonjwa, mifupa ilizaliwa vile, lakini njo kitu cha kwanza chenye kinafanya mbwa wa daraja ya 2 aishi muzuri ao aishi akilia, na njo kitu chenye wewe unaweza kubadilisha bila dola hata moja, kinyume chake utabakisha franga ya mafuta.

Pimia kwa mkono: pitisha vidole kwa mbavu bila kukandamiza. Ukizisikia moja moja chini ya ngozi, ni sawa. Ukitafuta, ni mnene. Ukimuangalia kutoka juu lazima kiuno kionekane kisha ya mbavu.

Bukari peke yake ni wanga, inanenepesha na haijengi musuli, na huyu anahitaji musuli wa paja ushikilie pia. Mupunguzie bukari mpaka nusu, hiyo nusu ingine uweke nyama isiyo na mafuta ao samaki iliyopikwa bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, kwa hiyo mchuzi wa nyumbani hapana), ndakala kavu uziloweke maji ya moto mara mbili zitoke chumvi, na lenga-lenga kidogo ya kuchemsha imujaze tumbo. Mifupa ya kupikwa hapana, inapasuka. Kama uko na uwezo wa krokete (chakula kikavu cha mbwa cha kununua), pima kwa kikombe kimoja kile kile kila siku, usimwage kwa macho. Na mikate ikome, hapo njo kazi ngumu, sababu utapigana na batoto, na mbwa atakuangalia na yale macho.

Usimushushe haraka. Gramu 50 mpaka 100 kwa juma kwa mbwa wa kilo 5 inatosha, maana hii ni safari ya miezi mine mpaka saba. Mupime kwa mizani yenye inaonyesha gramu, kila siku ya posho asubui kabla ya kukula, uandike.

Yaya Dokta, salamu kutoka Bukavu. Kambwa kangu kako daraja ya 2, munganga alisema operasyo si lazima kwa sasa, «musimamie tu nyumbani». Kumusimamia ni kufanya nini? Tunaishi Nguba, nyumba ina ngazi ndani, inje barabara ni mulima kupanda na kushuka, mvua ikinyesha ni matope.
*Dada wa Bukavu*

Dada, hii ni swali ninalolipenda, sababu banganga wengi wanaishia pale «musimamie» na wanafunga mlango.

Anza na chini ya miguu. Karo inayong'aa njo adui wa kwanza, mbwa akigeuka haraka miguu inaachana na pia inatoka. Sisemi uvunje karo. Weka vipande vya tapi vyenye mpira chini kwa njia anapita zaidi, kutoka kitanda chake mpaka sahani mpaka mlango, hata tapi mbaya ya zamani ni sawa. Kucha zikatwe kila juma tatu hivi, ukisikia zinagonga karo zimeshakuwa ndefu. Nywele katikati ya vidole chini ya muguu zinyolewe, watu wanasahauka hii, mbwa wa manyoya anatembea sawa amevaa soksi.

Kuruka: kwa fotei, kwa kitanda, kutoka kwa gari. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Tafuta ubao, pigilia gunia juu yake usiteleze, uegemeze kwa fotei na mwinuko mdogo, kwa siku mbili tatu umufundishe na kipande ka sambaza isiyo na chumvi. Ngazi za ndani umubebe, kushuka na kupanda, mkono moja chini ya kifua na mwingine chini ya matako. Batoto wengi wanabebaka mbwa kwa mikono ya mbele miguu ya nyuma inaning'inia, hapo wakatazeni kabisa.

Sasa mulima wenu. Watu wanazani mbwa wa goti anapaswa kulala siku nzima, apana, akilala musuli wa paja unaisha na pia inakosa wa kuishikilia. Mutembeze na kamba, ya mwili kuliko ya shingo, polepole, sababu mbwa akienda polepole analazimika kukanyaga miguu yote mine, akikimbia anaiba muguu. Anza dakika 10 mara mbili kwa siku kwa fasi ya sawa, kisha juma mbili hivi umupandishe kidogo kwenye mwinuko usio mkali, kupanda kunajenga paja. Kushuka, mubebe. Matope yakiwa mengi siku ile mubaki nyumbani mufanye zoezi hii: asimame, umwambie akae, matako yashuke sawa bila kukaa kwa upande moja, kisha asimame tena polepole, mara tano, asubui na mangaribi. Ni zoezi ya paja kweli, si mapambo. Asipotaka kusimama mara ya tatu, acha.

Ziwa mko nalo, na kuogelea ni kuzuri sababu maji yanabeba uzito, lakini iwe fasi ya maji tulivu, wewe uko ndani unamushika na kamba ya mwili, dakika mbili tatu za kwanza, na atoke kwa mchanga ao majani, si kwa mawe yenye kuteleza.

Na vidonge vya glucosamine vyenye wanauzisha ghali kwa picha za mbwa wanacheka: ushahidi wake ni mudogo. Mafuta ya samaki iko na ushahidi zaidi kwa artroze, munganga akupimie kiasi. Kama franga ni kidogo, nunua tapi.

Goti nikilifunga na bande, haitashikilia pia isitoke?
*Mwanafunzi, Kasapa*

Haitashikilia. Goti la mbwa limekaa juu karibu na tumbo, bande inateleza inashuka inakuwa pete, damu inazuiliwa, kesho muguu umevimba. Na wazee wa kukanda vilevile, kukanda paja kwa upole na kitambaa cha joto, sawa, tena kule kwetu Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba usiku unashukaka chini ya digri 10 na mbwa wa artroze anakaza, inamusaidia na kitanda kisikae kwa simiti. Kuvuta goti kwa nguvu «lirudi», hapana.

Dokta, nimenunua Pomeranian ya miezi 5, naambiwa ni mbegu ya kweli, nilitoa dola nyingi. Inatembea imechutama sawa sungura, miguu ya nyuma imepinda ndani. Aliyeniuzia anasema «itanyooka ikikomaa». Wengine wanasema operasyo, wengine wanasema operasyo inaua mbwa wadogo. Nifanye nini na lini?
*Ndugu wa Makomeno*

Ndugu yangu, haitanyooka ikikomaa. Itapinda zaidi, sababu mfupa ungali unakua na kano inauvuta vibaya kila siku. Mtoto mwenye kutembea amechutama kwa miezi 5 anafanana na daraja ya 3 ao ya 4, na hawa njo wenye hawangojeki. Juma hii mupeleke. Sisi wa Lubumbashi tuko na bahati, fakilte ya veterineri ya UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi) iko hapa hapa, hatukose wa kuuliza. Waombe waangalie na nyonga, sababu mbwa wadogo wa miezi 4 mpaka 11 wanapataka pia ugonjwa wa kichwa cha mfupa wa paja kufa kwa kukosa damu, ambao unachechemesha vilevile na matibabu yake ni mengine.

Operasyo si ya kila mbwa. Daraja ya 1 hapana. Ya 2 yenye inatoka mara moja moja na mbwa anafurahi, simamia nyumbani sawa nilivyomwambia dada wa Bukavu. Ya 2 yenye inatoka kila siku ao mbwa analia, ya 3 na ya 4, hapo tunazungumza kisu. Mimi mwenyewe sikubali mutu anayepeleka daraja ya 1 kwa meza ya operasyo sababu mwenye mbwa ana franga, na vilevile sikubali anayemuacha wa daraja ya 3 miaka mitatu «kwanza tuone».

Wanafanya nini ndani? Wanachimba mfereji upate kina, wakihifadhi gegedu la juu. Wanakata ile fasi kano inashikilia kwenye mundi na kuihamisha iwe mstari moja, wanaifunga na pini ndogo za chuma. Upande wenye umelegea wanaukaza, wenye umekaza sana wanaulegeza. Mbwa wengi wanahitaji vitu viwili vitatu kati ya hivi kwa pamoja, ukikaza nyama tu bila kugusa mfupa uliopinda, pia itatoka tena. Kwa mtoto sawa wako si vile vile, sababu fasi za kukua kwa mfupa zingali wazi na hazichezewi, wanaweza kuanza na mfereji na nyama, kisha kumaliza kazi ingine akikomaa. Ya 4 yenye mfupa umepinda sana wakati mwingine inataka kukata na kunyoosha mfupa wa paja wenyewe, na hiyo si ya kila munganga.

Kuhusu kufa: usingizi wa operasyo una hatari kwa kila nyama, na mdogo anapoa haraka na sukari yake inashuka, lakini hatari inapungua sana kama kuna mutu moja kazi yake ni kuangalia pumzi na moyo tu, si yule mwenye kisu. Kwa hiyo uliza bila haya: mumeshafanya magoti ngapi? Nani anaangalia usingizi? Mutamupasha joto namna gani? Dawa ya maumivu kisha ya operasyo ni gani? Ikitoka tena, kurudia ni bei gani? Munganga muzuri hakasiriki kwa maswali haya. Na uniamini, inaweza kutoka tena hata kazi ikiwa imefanyika vizuri, hasa kwa daraja ya 4.

Kisha nyumbani ni juma 6 mpaka 8 za kifungo: chumba kidogo ao kizimba, anatoka na kamba kwa choo na kurudi, hakuna kuruka hakuna ngazi hakuna kucheza na mbwa wa lupango. Nyuzi zinatoka kwa siku 10 mpaka 14, mpaka pale avae ile kole ya shingo asilambe. Juma ya tatu atajisikia amepona na atataka kukimbia, na hapo njo pini zinavunjikaga. Kama nyumba yenu haiwezi kumufunga mbwa miezi miwili, semeni kwa munganga kabla ya kulipa.

Na yule aliyekuuzia, mwambie aache kuzalisha mama ya huyu.

Mbwa wangu ni wa kienyeji, kilo 18, analinda lupango. Tangu siku ya mungu hakanyagi kabisa muguu wa nyuma. Ni pia ya goti?
*Katuba*

Sizani. Pia inatoka na kurudi, huyu hakanyagi kabisa na siku zimepita. Angalia kwanza chini ya muguu, musumari, mwiba, kipande cha chupa. Kama hakuna, fikiria mfupa umevunjika ao kano ya msalaba ndani ya goti imekatika, yote mawili ni ya munganga. Mfunge mdomo na kitambaa kabla ya kumushika, mbwa mwenye maumivu anauma hata mwenye nyumba.

Na ninyi wa mbwa wadogo musikie hapa: kano ile ya msalaba inakatikaka pia kwa mbwa wazee wenye pia inatoka miaka mingi. Siku mbwa wako wa kuruka-ruka anaacha kuruka-ruka na anabeba muguu moja kwa moja siku mbili, si ile shida ya zamani, mupeleke.

Kanishi wangu dike ako daraja ya 2 lakini ako muzuri sana, rangi yake watu wanaitafuta, na dume nimeshapata, ana magoti mazima. Nikimupandisha mara moja tu, watoto watapona si juu ya baba?
*Mama wa Kamalondo*

Hapana mama. Hii inaenda kwa damu, na haifuati baba peke yake ao mama peke yake, dume mwenye magoti mazima anaweza kuwa amebeba bila kuonyesha. Utapata watoto wanne, wawili watauziwa watu wa Golf kwa dola, na mwaka ujao nitapokea barua mbili sawa ya ndugu wa Makomeno.

Kule Marekani kuna shirika linaitwa OFA, inaandika matokeo ya magoti ya mbwa wa kuzalisha, na inapima kuanzia miezi 12, kabla ya pale haitoi jibu la mwisho. Sisi hatuna daftari la namna hii lakini vidole tunavyo: mwenye anataka kuzalisha dike ao dume apeleke wote wawili kwa munganga wakiwa wametimiza mwaka, miguu yote, na anayenunua aombe kuona mama akitembea, si picha yake kwa telefone. Akikataa kukuonyesha mama, weka dola zako kwa mfuko.

Huyu wako ni mbwa wa nyumbani muzuri na atabaki muzuri, mufunge uzazi tu, mafungo ile ifanyike siku moja na kumupima magoti akiwa amelala usingizi, munganga anasikia vizuri zaidi musuli ukiwa umelegea. Na uangalie uzito kisha ya pale, sababu dike aliyefungwa anahitaji chakula kidogo kuliko zamani na watu wanaendelea kumwaga kile kile. Kama amekuwa kwa joto sasa hivi, kwanza mufungie ndani juma tatu, hayo madume ya Kamalondo yanapandaka ukuta.